Waya wa Tisa

Rukia mwanangu,

Salamu ulizipata asubuhi uliponiamkia, sina haja ya kuzirudia kwenye karatasi. Na habari za kuchemsha maji, kufunga begi kwa kufuli na kutokula cha abiria mwenzako, mama yako amekwisha kukuambia mara tatu tangu jana. Mimi sina nasaha za aina hiyo. Sasa ni baada ya alasiri, umekwenda Magomeni kumuaga shangazi yako, nami nimefunga mlango wa gereji, nimekaa juu ya tairi bovu, naandika. Nataka nimalize kabla hujarudi, kwa sababu nikikuona usoni sitaandika tena.

Jana ulikuwa unakunja nguo sebuleni. Mama yako akakutajia njia mtakayopita, Msata, Chalinze, Morogoro mpaka Dodoma. Ukasema, "Tukifika Chalinze nitageuza uso upande wa pili. Sitaki hata jicho langu limguse yule mwizi." Mama yako akacheka. Na mimi nikacheka, Rukia. Nilicheka kwa sauti, kisha nikaingia chooni nikakaa humo mpaka mkaniita.

Yule mwizi ni baba yako mdogo, Shabani, mdogo wangu wa tumbo moja, anayeziba pancha pale Chalinze karibu na yanaposimama mabasi. Hakuiba. Hakuna kitu kilichoibiwa. Nimelijua hilo tangu ukiwa na miaka kumi, na sasa una ishirini.

Kaa chini kama umesimama. Yaliyobaki ni mabaya kuliko hayo.

Unalikumbuka gari jeupe la Mzee Jivraj, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Lilikuwa gari la kwanza la haibridi, la petroli na betri kubwa, kuingia gereji yetu, na mimi nilijiona nimeshakuwa mtu mkubwa hapa Bagamoyo. Taa nyekundu ya pembetatu iliwaka kwenye dashibodi. Nikachomeka mashine ya kusomea, ile niliyoinunua Kariakoo na kuitembeza mtaa mzima watu waione. Mashine ikasema jozi ya tisa ya seli imeshuka volti, wenzake wote wazima. Nikamwambia mzee seli mbili zimekufa, zinatakiwa nyingine. Nilisema kwa sauti ya daktari.

Shabani alikuwa nyuma yangu ameshika kitambaa. Alisubiri Mzee Jivraj aondoke, kwa adabu yake, ndipo akasema, "Kaka, kabla ya kununua seli, tufungue tuzipime zenyewe kwa mita. Na tuziangalie zile nyaya nyembamba. Gari hili linalala hatua chache kutoka baharini."

Wewe leo unazijua nyaya hizo kuliko mimi. Lakini wakati ule mimi niliziona takataka. Kila jozi ya seli ina waya wake mwembamba unaokwenda kwenye kompyuta ndogo ya betri. Waya huo hausukumi gari. Kazi yake ni kupeleka habari tu, kwamba jozi hii ina volti ngapi. Ncha yake ikishika kutu, habari inafika pungufu hata kama jozi yenyewe ni nzima kabisa. Kompyuta haina macho ya kuiona betri, inapokea kile ilicholetewa. Na feni ya betri kwenye gari lile inavuta hewa ya ndani ya gari, hewa yetu hii yenye chumvi, inaipuliza juu ya ncha zile mchana kutwa.

Shabani aliyajua hayo, sijui kutoka wapi. Labda alikuwa anasoma. Mimi nilimjibu, "Nani aliyekufundisha kushika bisibisi?" Akasema, "Wewe, kaka." Nikasema, "Basi."

Seli zilipofika kutoka Dar nilizipima hapa hapa mezani, zikawa nzima. Alhamisi nikazifunga mwenyewe. Nikachukua waya wa tisa na ncha yake vilevile, nikaurudisha kwenye seli mpya, nikakaza nati, nikafunika. Kulikuwa na maulidi jioni ile, nami nilikuwa nimeshapiga pasi kanzu. Sikuwasha mashine kuhakikisha. Nilikuwa na hakika ya kutosha ndani ya kichwa changu.

Ijumaa hatukufungua. Baada ya swala mama yako alipakua pilau, Shabani haonekani. Nikakutuma wewe umwite. Ulirudi ukasema anakuja, yuko gereji.

Jumamosi asubuhi nikachomeka mashine mbele ya Mzee Jivraj. Jozi ya tisa, volti zimeshuka vilevile. Uso ulinichoma. Fundi mwenye akili angejiuliza amekosea wapi. Mimi nilijiuliza nani amenichezea. Seli zangu nilizipima zikiwa nzima, leo ni mbovu, kwa hiyo hizi si zangu; kuna mtu amechomoa zangu, akarudisha zile za zamani. Na mwenye ufunguo wa gereji zaidi yangu alikuwa mmoja.

Sasa hapa ndipo unapoingia wewe, mwanangu, na ningetamani mkono huu ukauke kabla sijaandika. Nilikuita. Nikakusimamisha pale mlangoni, mbele ya Shabani na Mzee Jivraj na majirani wawili, nikakuuliza, "Jana ulipokuja kumwita ba'mdogo, ulimkuta anafanya nini?"

Ukasema, "Alikuwa kwenye betri. Amevaa glavu kubwa. Anai—"

Nikakukata. "Mfuniko ulikuwa umefunguliwa au umefungwa?"

"Umefunguliwa. Lakini baba, alikuwa anaisugua kwa mswaki."

Watu wakacheka. Mswaki! Hata mimi nilicheka. Nikakwambia, "Nimeuliza mfuniko tu." Kisha nikakupa ya soda, ukakimbia dukani. Najua soda unaikumbuka, maana umeisimulia mara nyingi: wewe ndiye uliyemshika mwizi na baba akakununulia soda. Mswaki umeusahau. Nilikusaidia kuusahau. Kila uliposimulia nilikuwa naruka sehemu hiyo, mpaka na wewe ukaanza kuiruka.

Alikuwa anasafisha ncha za nyaya, Rukia. Alijua kosa langu tangu Alhamisi na hakutaka niaibike mbele ya mteja, kwa hiyo aliingia Ijumaa, watu wakila pilau, ili alirekebishe kimyakimya, Jumamosi mashine isome vizuri na sifa zije kwangu. Alianza na waya wa kwanza, aende kwa mpangilio, maana chumvi haichagui waya. Ulipofika kumwita hakuwa amefika wa tisa. Akafunga, akaja kula, kwa sababu kaka yake amemwita.

Aliniambia, "Kaka, pima. Mita hii hapa. Weka kwenye seli zenyewe." Mita ilikuwa yake, alijinunulia. Nilimwambia sipimi kwa mita ya mwizi. Dakika moja tu, vyuma viwili vya mita juu ya seli, namba ingetokea pale na mambo yote haya yasingekuwa. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo mkono mtupu, nikakataa.

Alipozidi kukana nikaenda kusomesha Halbadiri. Kwetu hapa mtu akiibiwa na mwizi asijulikane, anatangaza siku saba arudishiwe chake, asiporudishiwa mashehe wanasoma kisomo hicho, na kila mtu anasubiri kuona balaa litamfika nani. Mimi mwizi nilimjua, au nilijiona namjua. Nilitaka tu mji mzima umjue. Ustadhi aliniuliza mara mbili. "Salehe, una hakika kuna kitu kimeibiwa? Kisomo hiki si cha kubahatisha."

"Nina hakika."

"Umehakikisha vipi?"

"Mashine imesoma, ustadhi."

Yeye wa watu hakuijua mashine. Akasoma.

Siku ya nne baada ya kisomo Zuhura aliugua. Zuhura, binti wa Shabani, uliyekuwa unambeba kiunoni mpaka mama yako anakugombeza utapinda mgongo. Alikuwa hajatimiza miaka miwili. Mvua zilikuwa zimenyesha, mbu wamejaa. Watoto wanne wa mtaa ule walishikwa na homa wiki ile. Lakini mtaa haukuhesabu hao wengine watatu. Mtaa ulisema limefika.

Asubuhi na mapema Shabani akaja na mkewe, Mwajuma, na mtoto begani. Akapiga magoti hapa gereji, pale penye doa la oili. "Kaka, ni mimi. Nimechukua mimi. Mwambie ustadhi atengue."

Baba yako alifurahi. Nataka ulisome neno hilo vizuri. Nilifurahi. Nikamwambia, "Humu ndani sisikii. Toka nje, sema na majirani wasikie."

Akatoka, akasema. Nikamuuliza seli ziko wapi. Akawa anatazama watu mmoja mmoja, anatafuta jibu litakalonitosha. "Nimezitupa baharini."

"Sehemu gani?"

"Kule... kule forodhani, kaka."

Mwajuma akanishika kanzu. "Shemeji, mtoto anawaka moto. Tumpeleke hospitali kwanza, hayo mengine yatasemwa."

Nikamjibu, "Hospitali haiondoi Halbadiri."

Hayo ni maneno yangu, niliyasema kwa mdomo huu unaokuitikia marahaba kila siku. Ustadhi alikuwa amekwenda Makurunge kuzika. Tukamsubiri. Tulikaa barazani kwake tangu asubuhi mpaka alasiri, mtoto analia, kisha halii, na mimi nimekaa kitini kama hakimu. Ustadhi aliporudi akasoma dua ya kutengua, haraka haraka, alipomwona mtoto tu mwenyewe alishtuka. Ndipo wakakimbilia hospitali kwa bajaji. Daktari aliwaambia, "Mngemleta asubuhi." Zuhura hakuiona siku ya pili.

Wale watoto wengine watatu walipelekwa asubuhi. Wote wazima mpaka leo, mmoja anaendesha bodaboda hapo stendi, huwa anakusalimia.

Sisemi kisomo kilimuua. Sina elimu ya kusema hivyo na Mungu hahitaji msaada wangu. Nasema mtoto alikuwa na homa inayotibika, nami nilimweka barazani kutwa nzima ili baba yake aungame wizi ambao haukuwepo.

Mwajuma alirudi kwao Tanga baada ya arobaini. Shabani hakupata kazi gereji yoyote, hapa wala Dar, maana habari ya fundi aliyeungama inasafiri upesi. Akaenda Chalinze kuziba pancha. Mkono ule, Rukia! Mkono uliokuwa unafungua kompyuta ya betri bila kukwaruza hata plastiki yake, leo unapigana na tairi za malori.

Mzee Jivraj alilipeleka gari lake Dar. Miezi mitatu baadaye akarudi hapa, hana kinyongo, ameshika kimfuko cha nailoni. "Fundi," akasema, "yule wa Dar amenicheka sana. Seli zako ulizoweka zimo ndani vilevile. Mpya, nzima. Kapima kwa mita kwanza, kaona ziko sawa, kisha kafuata waya. Huu hapa." Ndani ya mfuko mlikuwa na kipande cha waya urefu wa kidole, ncha yake imekuwa kijani yote, ukiigusa inapukutika.

Nikaushika. Akanitazama. "Na yule ndugu yako, sasa?"

Nikasema, "Aliungama mwenyewe, mzee."

Akaingia kwenye gari akaondoka. Hakurudi kwangu na gari lolote, na sikumlaumu.

Toka siku hiyo nimekuwa fundi mzuri. Usicheke. Ile kanuni niliyokukaririsha ulipoanza kazi, kwamba usiamini namba ya mashine kabla hujaweka mita kwenye seli zenyewe, na mita ikisema nzima na mashine ikasema mbovu basi mgonjwa ni waya, hiyo ndiyo iliyokupa kazi Dodoma. Waliokufanyia usaili walishangaa binti wa Bagamoyo kaijua wapi. Uliniambia kwa simu, "Nimewaambia kanifundisha baba." Nikasema vizuri mwanangu. Ni ya Shabani. Nilimnyang'anya na hiyo.

Na kwenye maziko ya bibi yako, ulipokuwa na miaka kumi na minne, alikuja. Alisimama mbali na watu, viatu mkononi. Ulipopita karibu yake akakuita jina, anatabasamu, anasubiri shikamoo yako. Ukapita. Ulikaza shingo ukapita kana kwamba pale pamesimama nguzo. Jioni mama yako alikusifu una msimamo. Mimi nilikuwepo, na nilikuongezea nyama.

Ungedhani mtu akiwa na waya mfukoni mwaka baada ya mwaka ataishia kusema. Nimekwenda Chalinze mara mbili. Mara ya kwanza nilimwona kupitia dirisha la basi, ameinama, nikamwambia konda naendelea, nikashuka Morogoro nisikokuwa na shughuli, nikanunua mboga, nikarudi. Mara ya pili ilikuwa mwaka jana, nilipowaaga kwamba nafuata vipuri. Nilishuka. Aliponiona aliacha tairi, akafuta kigoda kwa shati lake mwenyewe ili nikae. "Shikamoo kaka." Mvi zimemjaa, na ni mdogo kwangu kwa miaka sita. Waya ulikuwa mfukoni, nimeushika kwa vidole.

Kabla sijafungua mdomo akasema, "Kaka, nilijua iko siku utakuja kunisamehe."

Nikasema, "Nimekusamehe, Shabani."

Akalia. Alilia mbele ya wateja wake, akanishika mikono yote miwili, akanipaka mafuta mpaka kwenye kiwiko. Akatuma soda. Nikainywa yote. Nikapanda basi nikarudi nyumbani, mkaniuliza vipuri viko wapi, nikasema vimekosekana.

Nimeyapima mambo yote niliyofanya, Rukia, na hilo ndilo baya kuliko yote, kuliko hata baraza. Siku ya baraza nilikuwa mjinga. Chalinze nilikuwa najua.

Usiniandikie kwamba nilikosea kwa kutojua. Na usinifariji, nitachukia. Kama umenichukia, kaa nayo muda unaotaka, haitaniua. Lakini usijichukie wewe. Ulikuwa na miaka kumi, na ulisema kweli yote, ulisema na mswaki. Mtu mzima mwenye haraka alichukua nusu aliyoitaka. Dodoma watakuletea magari yenye lawama tayari. Mwenye gari atakwambia nani kaharibu, bosi atakwambia nini kimekufa, na mashine itawaunga mkono wote. Wewe omba mita. Na ukimuuliza mtu swali, mwache amalize.

Mama yako hajui. Nitamwambia kesho nikirudi. Nimesema nikirudi kwa sababu tiketi ya kesho nimekata mbili. Yako ya Dodoma, yangu ya kuishia Chalinze. Kiti changu ni hicho cha pembeni yako, na kutoka Chalinze kimeshauzwa kwa mtu mwingine, nimehakikisha, nisije nikapata pa kukaa. Barua hii nitakupa tukishapita Msata. Utaisoma nami nikiwa nimekaa hapo hapo, begani kwako. Usiniangalie. Nitakuwa nikitazama mbele.

Waya umo ndani ya kasha la mita yako, kwenye kimfuko kilekile. Basi husimama pale muda wa mtu kununua mahindi. Mimi nia yangu ni kushuka. Lakini nia yangu unaijua sasa, umeisoma mpaka hapa. Basi likisimama ukaniona bado nimekaa, usinisubiri, usinivute mkono. Shuka wewe. Vuka mpaka kwenye banda la matairi. Mpe kwanza shikamoo yake, ile aliyosimama kuingoja makaburini. Mpe waya mkononi, ataujua mwenyewe, hana haja ya kuelezwa. Kisha mwambie ulimkuta Ijumaa anafanya nini. Yote, toka glavu mpaka mswaki. Safari hii hakuna atakayekukata.

Ni mimi baba yako, niliyekununulia soda.